Majoho ya heshima na deni la njia ya Tabora

Mwaka 1890 Henry Morton Stanley alirejea Uingereza kutoka Afrika, na katika mwaka huo mmoja vyuo vikuu vinne vikamtunuku shahada za heshima: Oxford, Cambridge, Edinburgh na Durham. David Livingstone alikuwa amemtangulia, kwani Glasgow na Oxford zilimtunuku katika miaka ya 1850. Wawili hao walilala chini ya paa moja mapema mwaka 1872, katika tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, walipokuwa wametoka Ujiji. Tembe hilo limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Mgeni anayeingia humo anakutana na habari za watu wawili waliovishwa majoho na vyuo vikuu vikongwe vya Ulaya. Waliowafikisha hapo wakiwa hai hawakuvishwa.

Majina yao yanajulikana. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, na bwana wake alipofariki akapata uhuru wake na kurudi Zanzibar. Mwaka 1857 aliondoka pwani pamoja na Richard Burton na John Hanning Speke. Novemba mwaka huo walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na Februari 1858 wakafika Ujiji. Speke alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay akayageuza maneno yale kuwa maombi ya njia, ya chakula na ya amani kwa wenyeji. Mwaka 1860 aliingia tena bara na Speke na James Grant. Mwaka 1871 alikuwa kiongozi wa askari wa Stanley. Kisha, kati ya 1873 na 1875, akavuka bara zima na Verney Lovett Cameron, kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Atlantiki. Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia ya London ilimpa medali ya fedha, na mwaka 1876 ikamwekea pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Wengine ni Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873, watu wake wangeweza kumzika hapo na kutawanyika. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa gome la mti na kitambaa, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Walipopita Tabora, Oktoba mwaka huo, Cameron aliwashauri wauzike hapo hapo. Walikataa. Wainwright, kijana Myao aliyesomeshwa na wamisionari huko Nasik nchini India, ndiye aliyesoma sala za maziko kwa Chitambo na kuchonga maandishi kwenye mti. Aprili 1874 alikuwa Mwafrika pekee aliyelisindikiza jeneza hadi Westminster Abbey. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo huo, wakakaa na Horace Waller wakimsaidia kuandaa shajara za mwisho za Livingstone: mto upi ulivukwa, mtemi wa mahali fulani alikuwa nani, mahali penyewe palikuwa wapi. Shajara ya Wainwright mwenyewe ilichapwa mwaka 1874 kwa tafsiri ya Kijerumani. Wainwright aliishia Urambo, magharibi mwa Tabora, ambako alifariki mwaka 1892.

Kwa kipimo cha leo, kazi ya watu hao ingeitwa utafiti. Kukusanya habari, kuzihakiki, kuzitafsiri, kuzihifadhi na kuzikabidhi kwa mchapishaji ndiyo kazi inayomfanya mtu wa chuo kikuu apandishwe cheo. Vyuo vikuu vya wakati huo viliona mwenye jina juu ya jalada tu. Jambo la kusikitisha ni kwamba vyuo vikuu vya Tanzania, miaka zaidi ya 130 baadaye, bado vinatazama upande ule ule. Shahada ya heshima ni njia rasmi ambayo chuo kikuu kinayo ya kukiri kwamba elimu ipo pia nje ya geti lake, na nchini Tanzania njia hiyo imetumika zaidi kuwafikia watu ambao tayari wana vyeo.

Utaratibu wenyewe haufichi kitu. Jina linapendekezwa, kamati inalichunguza, Seneti inaridhia, Baraza la chuo linapitisha. Siku ya mahafali mtunukiwa anasimama mbele ya wahitimu, wasifu wake unasomwa kwa sauti tangu kuzaliwa hadi siku hiyo, kisha Mkuu wa Chuo anatamka maneno ya kumtunuku. Hakukaa darasani, hakufanya mtihani, hakulipa ada. Kinachopimwa ni alichowafanyia watu au alichokiongeza katika maarifa ya wanadamu.

Tangu mwanzo, hata hivyo, shahada hii imekuwa na mvuto wa mamlaka. Inayotajwa kuwa ya kwanza ilitolewa na Oxford mwishoni mwa miaka ya 1470 kwa Lionel Woodville, shemeji wa Mfalme Edward wa Nne. Chuo kilikuwa kinatafuta upendeleo wa mfalme, na wanahistoria hawalifichi hilo. Lakini historia hiyo hiyo ina upande mwingine. Mwaka 1759 Chuo Kikuu cha St Andrews cha Scotland kilimtunuku udaktari wa heshima Benjamin Franklin, fundi wa uchapaji aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 10 na kujifundisha umeme kwa majaribio yake mwenyewe. Zipo basi desturi mbili, zote kongwe: ya kumtunuku mkubwa ili chuo kipate, na ya kumtunuku mjuzi kwa sababu chuo kimepata tayari.

Tanzania imeifuata zaidi ile ya kwanza. Rais John Magufuli, ambaye tayari alikuwa na udaktari wa kemia alioutolea jasho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitunukiwa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Dodoma Novemba 2019. Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tarehe 30 Novemba 2022, kisha na Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru cha India Oktoba 2023, na Chuo Kikuu cha Ankara nchini Uturuki Aprili 2024. Rais mstaafu Jakaya Kikwete ametunukiwa na vyuo kadhaa ndani na nje ya nchi. Hakuna ubaya kumheshimu kiongozi aliyejenga zahanati, aliyefungua shule au aliyepatanisha waliogombana. Ubaya ni pale orodha inapokuwa na viongozi wengi kiasi kwamba mwanafunzi akiitazama anaondoka na somo kwamba elimu ya juu huinama mbele ya madaraka, na kwamba babu yake aliyekufa na siri za msitu mzima kichwani hakuwa na elimu.

Tabora ina sababu ya pekee ya kulisema hili, kwa kuwa Tabora ndiko alikotengenezwa Mtanzania aliyetunukiwa shahada za heshima nyingi huku akibaki na cheo alichokipata kwa chaki. Julius Nyerere aliingia Shule ya Tabora mwaka 1937, akatoka kwenda Makerere mwaka 1943, na aliporudi akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria, hapo hapo Tabora, kuanzia 1946 hadi alipoondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949. Edinburgh ilimpa shahada ya M.A. mwaka 1952, na miaka 10 baadaye ikamtunuku udaktari wa heshima wa sheria. Vyuo vingine vikafuata, kutoka Amerika Kaskazini hadi Asia. Yeye mwenyewe alikuwa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, kwa hiyo mkono wake ndio uliotunuku wengine. Magazeti ya miaka ya mwanzo ya Uhuru yalimwandika Dk. Nyerere. Wananchi walimwita Mwalimu, naye akaridhika, na jina hilo ndilo lililobaki. Alijua tofauti ya heshima aliyopewa na kazi aliyoifanya.

Njia hiyo hiyo ya Tabora na Ujiji ilimtoa Sheikh Kaluta Amri Abedi. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri, na alifariki Oktoba 1964. Mwaka 1954, wakati Tanganyika haina chuo kikuu hata kimoja, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Hakuna mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anayemaliza shahada yake bila kukutana na kitabu hicho. Mjadala mkali wa miaka ya 1970 kati ya washairi wa mapokeo na washairi wa mashairi huru ulipiganwa kwa kiasi kikubwa juu ya kanuni alizoziandika. Maprofesa kadhaa wamejenga tasnifu zao wakimuunga mkono au wakimpinga. Mzaliwa mwenzake wa Ujiji, Saadani Abdu Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, naye aliacha Mashairi ya Saadani, na wanahistoria wa siasa wanamhitaji sawasawa na wanafasihi.

Je, inawezekana chuo kikuu kumtunuku mtu asiye na cheti, aliyejifunza kwa mikono na macho, bila kujishusha hadhi? Imeshafanyika, na kwa mtu wa Afrika Mashariki.

Kamoya Kimeu alikuwa Mkamba wa Kenya aliyesoma miaka michache tu ya shule ya msingi. Mwaka 1960 alianza kazi ya kuchimba na familia ya Leakey huko Olduvai, kaskazini mwa Tanganyika. Jicho lake lilijifunza kutofautisha mfupa na jiwe katika ardhi ambayo wengine waliona changarawe tupu. Mwaka 1964 aliokota taya la zamadamu huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, upande wa Tanzania. Mwaka 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto zilizofanana nacho kwa rangi. Kipande hicho kiliwafikisha wachimbaji kwenye mifupa ya kijana aliyeishi miaka takriban milioni 1.5 iliyopita, moja ya mifupa iliyokamilika zaidi ya zamadamu wa kale kuwahi kupatikana. Viumbe wawili wa kale wamepewa majina ya kisayansi yanayotokana na jina lake. Mwaka 1985 Rais Ronald Reagan alimkabidhi medali ya National Geographic. Udaktari wa heshima wa sayansi aliupata mwaka 2021, kutoka Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Ohio, Marekani. Alifariki Julai 2022.

Mcheza kwao hutunzwa, husema Waswahili. Kamoya alichezea Olduvai, Natron na Turkana, akatunzwa Ohio, tena akiwa amebakiwa na mwaka mmoja wa kuishi. Wakati huo huo Mary Leakey, aliyefanya kazi katika mabonde hayo hayo na ambaye naye hakuwahi kuwa na shahada ya kusomea, alikwishatunukiwa zamani na Oxford, Cambridge, Yale na vyuo vingine. Alistahili. Na chombo kilichotumika kumstahi, yaani kupima kazi badala ya cheti, kilikuwepo tangu Kamoya alipoliokota taya la Peninj.

Afrika Kusini imeonyesha njia nyumbani kwake. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Johannesburg kilimtunuku udaktari wa heshima Esther Mahlangu, mchoraji wa Kindebele aliyefundishwa na mama yake na bibi yake kupaka kuta za nyumba kwa rangi na unyoya wa kuku, na ambaye michoro yake imefika katika makumbusho makubwa duniani. Hakuna aliyesema siku ile kwamba hadhi ya udaktari imeshuka. Wanafunzi wa sanaa waliokuwepo walipata habari kwamba elimu ya bibi zao ina mahali pake chuoni.

Basi Tabora ingemtaja nani? Wapo wengi, na wa kwanza kufikiriwa wangekuwa watu wa msitu.

Mkoa wa Tabora umekaa katikati ya misitu ya miombo, na asali yake inajulikana nchi nzima. Mjini kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki, na ushirika wa wafuga nyuki wa Tabora umekuwepo tangu miaka ya 1960. Lakini kabla ya chuo na kabla ya ushirika palikuwa na mrina. Mfano ni mzinga wa gome. Fundi anazunguka mpaka apate muyombo wenye shina lililonyooka. Anasubiri msimu wa mvua, mti unapokuwa na maji mengi na gome linabanduka bila kupasuka. Anakata mzunguko juu, anakata mzunguko chini, anachana mstari mmoja kutoka juu hadi chini, kisha anaanza kulilegeza gome taratibu, upande huu na upande ule, hadi libanduke zima kama bomba. Pale lilipochanwa analishona kwa vijiti. Ncha mbili anazifunika, akiacha tundu dogo la nyuki kuingilia. Kisha mzinga unapandishwa juu ya mti, mbali na nyegere na moto. Kurina hufanyika usiku, kwa moshi, na fundi mzuri anajua kwa mkono, gizani, sega lipi ni la asali na lipi lina majana la kuachwa ili kundi lisihame.

Mti uliobanduliwa gome hivyo hufa, na ndiyo maana wataalamu wa misitu wanasisitiza mizinga ya kisasa. Wako sahihi. Lakini hata mtaalamu wa misitu akitaka kujua muyombo upi hutoa maua mwaka ambao mvua imechelewa, au kundi la nyuki huhamia upande gani msitu ukiungua, bado anamwendea mzee. Anakwenda na daftari, anarudi na data, anaandika ripoti, na mzee anaingia katika aya ya shukrani kama jamii ya wenyeji.

Sayansi ya kimataifa imekwisha kuthibitisha uzito wa elimu hii. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa pamoja na warina asali wa Kiyao huko Niassa, Msumbiji. Wapo ndege ambao humwongoza mtu hadi penye nyuki, mtu akachukua asali, ndege akapata nta. Warina wale wana mwito wao, waliorithishwa na baba zao, wa kumwambia ndege kwamba wako tayari. Watafiti waliupima mwito huo dhidi ya sauti nyingine. Uwezekano wa kulipata kundi la nyuki ulipanda kutoka takriban asilimia 17 hadi asilimia 54. Ndege huyo yupo pia katika miombo ya Tabora. Waliogundua kwamba ndege wa porini na mwanadamu wanaweza kuelewana walikuwa warina, vizazi vingi kabla ya jarida.

Baada ya msitu kuna wimbo. Mzee Mwinamila na kikundi chake cha Hiari ya Moyo walipeleka ngoma ya Tabora nchi nzima katika enzi za Mwalimu. Kiko Kids na Tabora Jazz waliufanya mji huo wa reli kuwa moja ya shule za muziki wa dansi nchini. Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma aliyepata sauti yake ndani ya Tabora Jazz, alifariki mwaka 2014. Nyimbo za kazi za magharibi mwa Tanzania zimekusanywa na Frank Gunderson, msomi wa muziki wa Marekani, katika kitabu kinene kilichotoka mwaka 2010. Stephen Rockel, mwanahistoria, alichapisha mwaka 2006 kitabu kuhusu wapagazi wa karne ya 19, Wanyamwezi wakiwa mbele: watu waliobeba mizigo ya karibu kilo 30 kila mmoja, waliokuwa na viongozi wao, sheria zao za kambini, migomo yao na mishahara yao. Ni vitabu vyema vilivyoandikwa kwa heshima. Vimekaa juu ya kumbukumbu za watu.

Baada ya wimbo kuna chumvi. Uvinza, kituo cha msafara kati ya Tabora na Ujiji, imekuwa ikipika chumvi kutoka chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja, kama mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walivyoeleza mwaka 1968. Elimu ya kuchemsha maji yale ilipita mkono kwa mkono katika muda wote huo bila kitabu.

Njia hii ya misafara pia ilikuwa njia ya watumwa, na kumheshimu mtu wa njia hakuwezi kufanyika kwa kulifunika hilo. Bombay, Chuma na Wainwright wote walitekwa utotoni. Tippu Tip, ambaye alitajirika kwa biashara ya pembe na ya watu, aliacha tawasifu kwa Kiswahili ambayo wasomi huisoma hadi leo. Anayetunukiwa lazima achunguzwe kwa vyote viwili, alichokijua na alichokifanya. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilijifunza hilo kwa uchungu: kilimtunuku Robert Mugabe mwaka 1984, kikamvua shahada hiyo mwaka 2007. Uchunguzi wa kina kabla ya kutunuku ungekuwa na gharama ndogo kuliko aibu ya kunyang'anya baadaye. Oxford nayo, mwaka 1985, iliweka jina la Waziri Mkuu Margaret Thatcher mbele ya wanataaluma wake wapige kura. Walilikataa kwa kura 738 dhidi ya 319. Chuo kiliendelea kuwepo, na waziri mkuu akaendelea na kazi.

Wapo watakaosema kwamba shahada za heshima zimekwisha kuchakaa. Wana haki ya kulalamika. Zipo taasisi za mtandaoni zinazotoa udaktari kwa anayelipia, na wapo watu wanaojiandika Dk. kwenye mabango kwa karatasi ambazo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, haiwezi kuzitambua. Vipo pia vyuo vikubwa duniani, kama MIT na Stanford, ambavyo havitoi shahada za heshima kabisa. Ni msimamo unaoeleweka kwa vyuo ambavyo havidaiwi na mtu. Vyuo vya Tanzania vinadaiwa, kwa sababu vimejengwa juu ya lugha, historia, tiba na mazingira ya watu ambao hawakupata nafasi ya kuingia darasani, na kufunga mlango sasa kungewaacha nje wale wale walioachwa na Oxford mwaka 1890.

Dawa ya uchakavu ni masharti. Mwaka 2012 wakuu wa vyuo vikuu vya Nigeria walikutana mjini Keffi wakakubaliana kwamba kiongozi aliye madarakani asitunukiwe, na kwamba mwenye shahada ya heshima asijiite daktari kwa shahada hiyo. Nigeria imekuwa na shida ya utekelezaji, lakini masharti yenyewe ni safi na yanaweza kuazimwa. Rais, waziri au mbunge atunukiwe baada ya kuondoka ofisini, kazi yake ikiwa imekaa chini na kuonekana. Hilo lingemlinda hata yeye mwenyewe dhidi ya shaka kwamba chuo kinachotegemea bajeti ya serikali kilikuwa kinalipa fadhila.

Sharti la pili ni jinsi majina yanavyopatikana. Leo jina hutoka juu, kwa watu wanaofahamiana. Chuo kingeweza kutangaza redioni, kwa Kiswahili, kwamba mwananchi yeyote anaruhusiwa kumpendekeza mtu kwa barua ya ukurasa mmoja: anajua nini, amemfundisha nani, nani atathibitisha. Katika kamati ya uchunguzi wakae pia watu wa taaluma hiyo hiyo. Warina asali wanamjua mrina hodari, na walumbi wanamjua mlumbi.

La tatu ni kwamba joho lisije mikono mitupu. Hata Jumuiya ya Kijiografia ya karne ya 19 iliona kwamba medali ya Bombay haimlishi, ikaongeza pensheni. Chuo kinachomtunuku mzee wa miaka 80 kimpe posho ya kuishi na kifanye naye kazi ya kurekodi anachokijua, kwa Kinyamwezi, Kiha au Kiswahili, kadiri yeye mwenyewe anavyozungumza. Nakala moja ikae chuoni, nyingine ibaki Tabora, na haki ya maarifa yale iandikwe kwa jina lake na la ukoo wake, ili kampuni ya dawa au ya vipodozi ikija kesho imkute mwenye mali. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam ina uzoefu wa kukusanya na kuhariri tangu ilipokuwa ikiitwa TUKI. Kazi hii haihitaji kuanza na moja.

La nne ni mahali. Tabora tayari ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, AMUCTA, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Kimebeba jina la Marko Mihayo, askofu mkuu wa Tabora aliyeongoza kwa robo karne kuanzia 1960. Mahafali yake hufanyika kwenye ardhi ile ile ya miombo, na wengi wa wanafunzi wake ni walimu watarajiwa watakaopangwa katika shule za vijijini. Wakimwona mrina asali wa Sikonge au mpiga ngoma wa Urambo akisomewa wasifu wake mbele ya Mkuu wa Chuo, wataingia darasani mwaka unaofuata wakimtazama kwa jicho tofauti mzazi asiyejua kusoma aliyeleta mtoto shuleni.

SAUT, Dar es Salaam na Dodoma zina Seneti na Mabaraza yenye uwezo wa kupitisha masharti haya, bila sheria mpya ya Bunge. Wanaosubiriwa ni wazee, na wengi hawana miaka mingi ya kusubiri. Tangazo likibandikwa mwezi huu katika ofisi za kata za Sikonge, Urambo, Kaliua, Uyui, Nzega na Igunga, na kusomwa katika redio za mkoa, kamati itakuwa na majina ya kuchunguza kabla ya msimu ujao wa mahafali.